Masika na Usukani wa Nzulo

Kwa miaka kumi na mmoja Masika alikuwa mwanamke pekee kwenye remorkeri Nzulo, na jambo hilo alilizoea hata akaliona kuwa mali yake. Remorkeri ni boti fupi, nene, yenye mashine kubwa kuliko mwili wake. Kazi yake ni kuvuta barji, kile chombo bapa kisicho na mashine kinachobeba mizigo. Nzulo ilivuta barji ziwani, kati ya Goma na Bukavu, na Masika alikuwa mpishi wake. Jiko lake lilikaa chini ya kibanda cha usukani, na dirisha lake lilitazama mbele, kwa hiyo alimenya viazi na kukatakata sombe, majani ya muhogo, huku akiona yote ambayo kapiteni aliyaona.

Kapiteni alikuwa muzee Namegabe, mtu wa Bukavu asiyependa maneno mengi. Kila asubuhi Masika alimpandishia kahawa. Siku moja, mwaka wa pili wa kazi yake, muzee alimwambia, "Masika, nishikie kidogo," akakaa kunywa. Kidogo hicho kikakua. Kikombe kimoja kikawa viwili, na baada ya miaka michache Masika alikuwa akishika usukani tangu Goma inapopotea nyuma mpaka milima ya kisiwa cha Idjwi inapokaribia. Alijifunza kwamba barji haifuati kama mbuzi wa kamba. Inachelewa, inakumbuka kona uliyokwisha kuisahau, na ukiizoea vibaya inakuvuta wewe. Muzee alimtazama juu ya kikombe na kusema, "Unaona maji wewe." Masika aliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani kwake, mtaa wa Katoyi, kama mtu aliyepewa zawadi mkononi.

Lakini hakuna aliyeyaandika popote. Kila mwanamume wa Nzulo alikuwa na livreti, kijitabu cha matelo, yaani baharia, kinachogongwa muhuri kila safari. Namegabe mwenyewe alianza kwa kukwangua kutu, akapanda kuwa mtu wa kamba, akakaa huko miaka saba, ndipo akaruhusiwa kushika usukani, na mwishowe akasimama mbele ya komisheni kufanya eksame, mtihani wa ukapiteni. Kila ngazi ilikuwa na ukurasa wake. Jina la Masika lilikuwa kwenye karatasi nyingine, mbele ya neno moja tu: mpishi.

Kisha akaja Rosine.

Ulikuwa mwaka ule barabara ya Sake ilipofungwa kwa vita na Goma ikaanza kula kwa njia ya ziwa. Wenye Nzulo walinunua remorkeri ya pili na kutafuta makapiteni. Rosine Uwitonze, binti wa mtaa wa Murara, umri wa miaka ishirini na sita, alikuwa ametoka Kinshasa kusomea kazi ya vyombo vya maji miaka mitatu. Alibakiza safari sitini tu akiwa msaidizi wa kapiteni, Namegabe atie sahihi, aende kwenye komisheni. Alipanda Nzulo na buti nyeusi mpya, akasalimia kila mtu kwa jina baada ya kulisikia mara moja. Alipofika jikoni alicheka kwa furaha, akamwita yaya, dada mkubwa.

"Yaya, nilikuwa naogopa nitakuwa mwanamuke peke yangu humu."

"Karibu," akasema Masika, macho yake yakiwa kwenye zile buti.

Asubuhi iliyofuata alipandisha kahawa kama siku zote. Namegabe alikuwa amekwisha kukaa kwenye kiti chake, na Rosine alisimama kwenye usukani, mikono miwili, shingo imenyooka. "Weka hapo," akasema muzee bila kugeuka. Masika aliweka kikombe, akashuka. Hakuna aliyemwona akishuka. Chini, alikuta maji ya ugali yamechemka mpaka yamekauka, akaitupa sufuria kwenye beseni kwa kishindo kiasi kwamba Benny, matelo wa kamba, alichungulia kuuliza kama kuna mtu ameanguka.

Tangu siku hiyo akawa anamchunga Rosine kama mtu anayemchunga mwizi. Alijua jinsi anavyoshika usukani juu mno. Alijua kwamba anatazama zaidi kioo cha mitambo kuliko maji. Alijua anavyosema "voilà" kila akigeuza vizuri, na neno hilo la Kifaransa, kama kusema "haya, tazama," lilimchoma Masika sikioni kama mbu. Alipogawa chakula, Rosine alipata mkia wa samaki na ukoko wa wali. Rosine alikula vyote, akasema asante, na hilo lilimuudhi Masika kuliko kama angelalamika.

Mambo yakazidi pale redio moja ya mjini ilipomwita Rosine azungumze. Masika alikuwa nyumbani akifua. Mume wake Sikuli, fundi wa nyumba, aliongeza sauti. Mtangazaji akasema huyu ndiye mwanamke wa kwanza atakayeongoza remorkeri kwenye ziwa letu. Masika akaacha nguo kwenye maji.

"Juu ya nini unanuna?" Sikuli akauliza. "Mwanamuke mwenzako amepanda. Si ungefurahia?"

"Amepanda juu ya nani?"

Sikuli alimtazama, akazima redio. Lakini alikuwa amechelewa.

Safari iliyofuata Masika alimngoja Namegabe peke yake bandarini, wakati barji ikipakiwa.

"Papa kapiteni, mi nilishika ile usukani miaka ngapi?"

"Mingi."

"Na juu ya nini haukuniandika hata siku moja?"

Muzee alifikiri kwa kweli; ilionekana hajawahi kuulizwa. "Haukuniomba, Masika."

"Huyu aliomba?"

"Huyu alikuja na karatasi." Kisha akaongeza, bila nia mbaya, "Mi nilifikiri unanishikia juu ninywe kahawa."

Masika akarudi jikoni kwake. Maneno hayo alilala nayo, akaamka nayo, akayapika pamoja na maharagwe. Lililomuuma zaidi ni kwamba muzee alisema kweli: hakuwahi kuomba. Alikuwa amengoja aonekane. Na mtu hawezi kumchukia kapiteni aliyempa usukani kwa miaka tisa, kwa hiyo chuki yote ikateremkia kwa Rosine, aliyekuwa hajamkosea kitu.

Ikafika Julai, katika miezi ya jua na upepo. Nzulo ilikuwa inarudi kutoka Bukavu ikivuta barji iliyojaa unga wa mihogo na mapipa ya mawese. Namegabe alishikwa na malaria akalala kwenye chumba chake, akamwachia Rosine boti. Ilikuwa alasiri, kati ya Idjwi na milima ya Kalehe. Masika alikuwa dirishani akikata vitunguu alipoona mitumbwi ya wavuvi, upande wa Kalehe, ikigeuka yote kwa pamoja na kukimbilia ufukoni. Ng'ambo ya mitumbwi, chini ya milima, maji yalikuwa yamepata mstari mweusi, mwembamba kama uzi.

Aliujua uzi huo. Ni upepo unaoshuka milimani na kupiga barji ubavuni. Namegabe angeteremsha mwendo taratibu, angerefusha kamba, angeelekeza uso wa boti Kalehe mapema, barji ipate nafasi ya kufuata. Kungekuwa na wakati wa kutosha.

Masika aliweka kisu chini. Akapangusa mikono, akafika mlangoni. Hapo akasikia sauti ya Rosine juu, akimwambia Benny kitu kwa Kifaransa, na wote wawili wakicheka. Kisha ile "voilà."

Alirudi. Akachukua kisu. "Aone mwenyewe," akasema moyoni. "Karatasi zitamuonyesha." Akakata kitunguu kilichobaki, vipande vidogo sana, vidogo kuliko alivyowahi kukata, na kila alipoinua macho mstari ulikuwa umenenepa.

Upepo ulipofika, Nzulo iliinama hadi masufuria yakateleza. Barji ikatupwa pembeni. Kamba ikatoka mahali pake, ikafagia sitaha ya nyuma kutoka upande mmoja hadi mwingine, na Benny, aliyekuwa amekimbia kuishughulikia, akabanwa mkono kati ya kamba na chuma. Alilia mara moja tu.

Masika hakukumbuka alivyopanda zile ngazi. Alimkuta Rosine ameshika wenzo wa mashine, uso umekuwa majivu, yuko tayari kuizima.

"Usizime! Barji itatupanda mugongoni!"

"Benny iko—"

"Nimesikia. Leta usukani. Nenda umutoe, nikikuambia kamba imelegea ndio umuvute."

Rosine aliachia. Hakubishana, hakuuliza wewe ni nani. Aliachia na kukimbia. Masika akashika usukani. Akapunguza mwendo kidogo kidogo, akageuza uso wa boti kwenye upepo huku akitazama nyuma, akiingoja barji ikumbuke, akiisemesha kwa Kinande, lugha ya kwao, kama anavyosemeshwa ng'ombe mkaidi. Barji ikaja. Kamba ikalegea kwa pumzi mbili. "Sasa!" akapiga kelele, na Rosine akamvuta Benny.

Namegabe alitokea na blanketi mabegani, akitetemeka. Alitazama ziwa, akamtazama Masika, akaegemea mlango. Hakuomba usukani. Masika ndiye aliyeiingiza Nzulo Goma.

Bandarini walimshangilia. Julien, fundi wa mashine, alisema mpishi ameokoa barji nzima, na wapakizi wakalirudia mpaka likafika barabarani. Masika alisimama katikati ya sifa alizozitamani miaka kumi na mmoja, na kila neno lilimchoma kama mwiba wa samaki. Rosine akamwita kwenye kibanda, akamsomea alichoandika kwenye daftari la safari: Nilitazama kioo, sikutazama maji. Sikuona upepo. Kosa ni langu. Masika alichukua usukani na kuokoa watu na mizigo.

"Nimeandika vizuri?"

Masika akaitikia kwa kichwa. Na hata hapo, Mungu amsamehe, wivu ulimpanda upya: binti huyu alijua hata kukosea vizuri.

Siku nne alikaa na jambo hilo. Siku ya tano walikutana kwenye ua wa hospitali, kila mmoja amemletea Benny chakula. Mkono wake ulikuwa umevunjika mahali pawili. Rosine alikuwa amekaa kwenye benchi, kikapu magotini.

"Rosine, mi niliona ule upepo."

"Najua, yaya. Ndio ulipanda."

"Hapana. Niliuona mbele haujafika. Niliona mitumbwi inakimbia. Nilifika mulangoni, nikarudi."

Rosine akamgeukia. "Dakika ngapi?"

"Kumi. Labda zaidi."

"Juu ya nini?"

Masika alitafuta neno zuri, akalikosa. "Juu yako," akasema.

Mgonjwa mmoja alipita akiburuza kandambili. Rosine aliweka kikapu chini. Alipozungumza, sauti yake haikuwa na huruma wala kelele. "Nitaandika upya. Langu litabaki, lako litaingia. Lakini kwanza utamuambia Benny. Mi siwezi kumuambia pahali pako."

Masika akaingia, akamwambia. Benny alisikiliza akitazama dari. "Mama Masika," akasema mwishowe, "mi nilikula chakula chako miaka ine." Akageukia ukuta. Hakumsemesha tena hadi plasta ilipotolewa, na hata baadaye alimsemesha kazi tu.

Ofisi ya wenye Nzulo ilimsimamisha kazi miezi miwili. Sikuli hakumlaumu, alimwambia tu kwamba angalipenda kusikia kutoka kwake kabla ya kusikia sokoni. Masika aliamini kwamba yamekwisha, na akaanza kuuliza-uliza kazi kwa watu wa mikahawa. Ndipo Namegabe alipofika Katoyi, mara ya kwanza maishani, akakaa kwenye kiti cha plastiki na kuweka kitu mezani. Ilikuwa livreti mpya, jina la Masika ukurasa wa kwanza, mbele yake neno matelo.

"Nilipigana na ofisi juu ya hii," akasema. "Usifikiri ni zawadi. Mutu anaona upepo dakika kumi mbele, nikimuacha jikoni atatuua siku moja. Afazali nimuweke pahali kuona ni kazi yake."

"Na ile miaka yangu?"

"Haiko ndani. Utaanza na kutu kama mimi."

Alianza na kutu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, akipiga magoti kwenye sitaha na brashi ya chuma, huku mpishi mpya, kijana wa Sake, akitia chumvi nyingi kwenye kila kitu. Alipiga hesabu: kutu, kamba, usukani, eksame. Akipita kila ngazi bila kuanguka, atakaribia hamsini.

Rosine alirudia safari kumi kati ya zile sitini, kwa adhabu, kisha akaenda kwenye komisheni, akapita. Siku matokeo yalipotoka Masika alisema kichwa kinamuuma, akajifunika shuka mpaka saa sita. Halafu akaamka, akaoga, akaenda kazini. Namegabe alihamia remorkeri mpya, na Nzulo ikakabidhiwa kapiteni Rosine Uwitonze. Yeye na Masika hawakuwa marafiki. Rosine alimwamuru kwa adabu, na alimuuliza kuhusu maji kila siku, mbele ya wote. Masika alimjibu yote aliyoyaona, mara tu alipoyaona, hata siku ambazo ulimi ulikuwa mzito.

Siku ya safari ya kwanza ya kapiteni mpya, mwandishi wa habari alikuja na kamera bandarini. Rosine alisimama mlangoni pa kibanda, amevaa shati jeupe. Chini yake, kwenye gati, Masika, glavu mikononi, alikuwa akifungua kamba ya nyuma.

"Mama," mwandishi akasema, "sogea kidogo, unaharibu picha."

Wivu ulimpiga Masika pale pale ulipozoea kumpiga. Aliinua macho, akamwona Rosine juu, shati lake, jua usoni mwake, na akautamani ule mlango kwa mwili mzima.

"Niko kazini, papa," akasema. "Sogea wewe, kamba itakupiga."

Mwandishi akaruka nyuma. Masika akaitupa kamba sitahani, akairukia boti, na Nzulo ikaondoka.