Fundi wa tairi aliyemwacha marehemu kakake abebe lawama

Saa mbili asubuhi, jua la Isiolo limeshapanda na halina utani. Lodio Lokuruka amepiga goti kando ya pikapu nyeupe, kidole gumba kikipapasa namba zilizochomoza ubavuni mwa tairi. Hana haraka. Mwenye haraka ni Abdinajib, mwenye gari, ambaye anatakiwa kuwa amefika dukani kwake Sericho kabla ya jua kuzama.

“Fundi, hizo zinaingia?” anauliza Abdinajib. Amekuja na matairi manne aliyoyanunua mwenyewe, na anataka tu yafungwe.

“Kuingia zinaingia. Si hiyo nimekuuliza. Unabeba nini?”

“Vitu ya duka.”

“Ngapi?”

Abdinajib anamgeukia mwandishi huyu kana kwamba anaomba msaada. “Wallahi, huyu ni fundi ama ni polisi?”

“Ngapi, mzee?”

“Unga marobota thelathini. Sukari magunia sita. Na watu wawili watatu, huwezi kuacha watu barabarani.”

Lodio anasimama na kujipangusa mikono kwenye suruali ambayo rangi yake ya kwanza haijulikani tena. “Basi hizi sikuwekei,” anasema.

Yanafuata maneno, mengine ya Kiswahili na mengine ya Kiborana, na yote si ya kuandikwa gazetini. Mwishowe Abdinajib anaondoka na matairi yake yakigongana nyuma ya pikapu. Huenda akarudi. Huenda pia akapata fundi asiyependa maswali, na mji huu hauna uhaba wa mafundi hao.

Bw Lodio, 43, amefunga na kuziba matairi kando ya barabara hii kwa miaka kumi na tisa. Siku nzuri humpa Sh1,500. Siku kama ya leo, anasema, huenda akarudi nyumbani na nusu ya hizo, kwa sababu katika kila wateja watano hukosa kuafikiana na mmoja.

Mwandishi huyu alikuwa amekwenda kumuuliza jambo jepesi: mtu achague vipi tairi la pikapu? Ni habari ya kusomwa na chai. Na fundi alijibu vizuri, akieleza kama mwalimu aliyezoea wanafunzi vichwa vigumu.

Ukizidisha upana, alisema, tairi litakwaruza bodi ukikata kona. Ukizidisha kimo, mwendo unaouona kwenye dashibodi si mwendo unaokwenda. Kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka ambao tairi lilitengenezwa, na yeye hafungi lililopita miaka sita hata kama meno yake hayajaisha. Wa kwenda Sericho kwenye mchanga apunguze upepo kidogo, kisha asisahau kuurudisha akifika kwenye mawe.

“Lakini hiyo yote si kitu,” akasema, “kama hujui gari inabeba nini.”

Alichukua matairi mawili akayalaza chini. Yote yalikuwa ya upana wa 195 na rimu ya kumi na nne. Kwa macho ya mtu wa kawaida ni mapacha. Moja ni la gari dogo, plai nne, yaani tabaka nne za nyuzi, na ubavuni lina namba 91, maana yake halifai kubebeshwa zaidi ya kilo 615. La pili ni la gari la mizigo, plai nane, namba 106, na linastahimili kilo 950.

“Hii ya kwanza ni laini. Ukiendesha nayo unasikia kama uko kwa kitanda,” alisema, na hapo sauti yake ikashuka.

Swali la kwa nini anafukuza wateja kwa ukali namna hiyo lilikuwa la kupitisha wakati tu. Bw Lodio alilichukua kwa njia nyingine. Aliketi juu ya rimu kuukuu, akasema: “Mimi ndiye niliua ndugu yangu. Watu wanasema ni pombe. Si pombe.”

Kakake, Ewoi, alikuwa na pikapu iliyofanya kazi kati ya Oldonyiro na Isiolo. Siku za soko alibeba mbuzi na wenye mbuzi. Mara moja kwa mwezi alimleta mama yao, Mama Akolong, hospitalini mjini kwa sababu ya mgongo uliokuwa umemuuma tangu alipoanguka na mzigo wa kuni.

Ile barabara ni mawe na makorongo, na matairi magumu hayamhurumii mtu. Mama alikuwa akilia kuanzia nyumbani hadi mjini. Safari moja alimwomba Ewoi asimamishe gari, akashuka, akasema afadhali atembee. Alitembea karibu saa nzima huku mwanawe akimfuata polepole kwa gari.

Wiki iliyofuata Ewoi alikuja hapa kwa ndugu yake.

“Aliniambia, ‘Niwekee zile za teksi. Siwezi sikia mama akilia tena.’ Nikamuuliza, ‘Utabeba nini?’ Akasema, ‘Mama tu.’”

 Lori la mchanga linapita na kufunika kila kitu kwa vumbi, naye Bw Lodio anangoja litulie.

“Nilijua. Pikapu ya Oldonyiro haiwezi kubeba mama peke yake. Siku ya soko watu wanaingia hata kama hujafungua mlango. Nilijua, na nikafunga. Hata nilikataa pesa yake ya kazi. Nilikuwa nimefurahi, unaelewa? Nilikuwa nafikiria mama.”

Mama alisafiri kwa matairi hayo mara mbili, na mara zote mbili hakulia. Alimsifu Ewoi kwa majirani kwamba sasa amejua kuendesha.

Halafu ikaja siku ya soko ya mwezi Machi, miaka mitatu iliyopita. Ewoi alitoka Oldonyiro saa saba mchana, wakati mawe ya barabarani yanachoma hata kwato, akiwa na mbuzi ishirini na wanane na watu watano. Alipokuwa akiteremka kwenye laga, mto mkavu ulio katikati ya safari, tairi la nyuma kushoto lilipasuka. Pikapu ilibiringika mara mbili. Abiria wote walipona, wengine wakiwa wamevunjika mifupa. Ewoi alifia palepale.

Bw Lodio alifika kwa pikipiki baada ya saa moja na nusu. Anasema alilitazama tairi kabla ya kuutazama uso wa kakake, na hilo hajajisamehe. Ubavu wa tairi ulikuwa umechanika mzunguko mzima, kama mkanda uliokatwa kwa kisu. Fundi hahitaji kuambiwa. Mzigo ulikuwa umelizidi, likachemka hadi likaachia.

Lakini watu waliotangulia kufika hawakuona tairi. Walisikia harufu. Abiria mmoja alikuwa ameficha mtungi wa chang’aa chini ya kiti cha mbele. Ulipasuka, ukamlowesha dereva kutoka kifuani hadi miguuni. Mwenye mtungi, alipoona hivyo, alijikokota akaondoka na hakusema neno.

Ewoi alikuwa mlevi zamani, jambo ambalo hakuna aliyelisahau. Kwamba alikuwa ameacha kwa miaka minne, hilo watu walilisahau mchana mmoja.

Kwenye mazishi, mhubiri alisema pombe imewanyang’anya kijana mwingine. Bw Lodio alikuwa amesimama kando ya kaburi na sepetu mkononi.

“Nilifungua mdomo,” anasema. “Ni kama nilikuwa nimekula mchanga. Nikaanza kutia udongo tu, kabla hata ya maombi kuisha. Watu wakafikiri ni uchungu.”

Ulikuwa uchungu, lakini pia ulikuwa woga. Angemwambia nini mama yake? Kwamba mwanawe mmoja alimuua mwingine? Na mbaya zaidi, kwamba matairi yalikuwa laini kwa ajili ya mgongo wake yeye? Alijiambia atasubiri machozi yakauke. Mwezi ukaisha, kisha mwaka, na kila siku ilifanya maneno yawe mazito zaidi.

Wakati huo lawama ilikuwa ikimla marehemu. Achuka, mjane wa Ewoi, aliacha kwenda kanisani. Bw Lodio alipopata mtoto wa kiume mwaka uliofuata alitaka kumpa jina la kakake. Mama alikataa katakata, akasema hataki kuita jina la mlevi nyumbani mwake. Kaburi liko hatua hamsini hivi kutoka mlangoni pake, na Mama Akolong hajawahi kukanyaga hapo tangu siku ya mazishi.

“Si kwamba hampendi,” anasema Bw Lodio. “Anampenda mpaka anamkasirikia. Mimi ndiye nimemfanya hivyo. Nimemnyang’anya mama huyo mtoto mara mbili.”

Tangu hapo hajafunga tairi bila kuuliza mzigo. Wateja humcheka, wengine humtukana. Mawira, muuza vipuri wa kibanda cha jirani, anasema aliwahi kumwona akifungua matairi aliyokuwa ameshayafunga, baada ya dereva kutaja kwa bahati mbaya kwamba angebeba simiti. “Tulidhani ni kichwa imeshika joto,” anasema Mawira. “Hajawahi kutuambia.”

Kilichomfungua mdomo sasa ni simu. Mama Akolong amekonda, hali chakula vizuri, na miguu imeanza kuvimba. Mwezi uliopita alimpigia mwanawe kumpa maagizo yake ya mwisho. Aliomba mambo mawili: mbuzi wake wapewe wajukuu, na yeye azikwe upande wa kanisani, mbali na Ewoi.

“Alisema, ‘Usinilaze karibu na yule mlevi.’ Nikasema, ‘Sawa, mama.’ Nilisema sawa!” Bw Lodio anajipiga paja kwa kiganja, na machozi yanamtoka waziwazi, mbele ya barabara nzima.

Mwandishi huyu alimwambia kwamba si lazima majina yaandikwe. Yanaweza kubadilishwa, au habari ikabaki ya matairi tu. Bw Lodio alitikisa kichwa.

“Andika. La Ewoi pia, lote. Gazeti itatoka siku gani?”

Jumamosi.

“Na inafika Oldonyiro?”

Jumatatu, akaambiwa, pengine mapema zaidi, maana wengine watalisoma kwenye simu.

Alihesabu kwa vidole. “Basi mimi naenda Alhamisi. Sitaki asomewe na mtu mwingine.”

Na mgongo je? Atamwambia matairi yalikuwa kwa ajili ya nani?

 “Nitamwambia,” akasema. “Ewoi alitafuta tairi laini kwa sababu hakuweza sikia mama yake akilia. Mlevi hana shida na kilio ya mama. Hiyo lazima ajue, hata kama itamuuma.”

Mteja mwingine alikuwa ameshasimamisha gari na anapiga honi. Bw Lodio alijifuta uso kwa mkono wa shati, akaokota spana ya magurudumu.

“Najua anaweza nilaani,” alisema. “Sawa, anilaani. Lakini nataka anishike mkono nimpeleke pale kwa kaburi, na anilaanie hapo, akiwa amesimama na Ewoi.”