Zaka ya Noti na Kilomita

Sisi tuliokulia Iringa kabla ya Uhuru, kwenye baridi ya kuuma masikio, tulikuwa na ujuzi mwingi usio na cheti. Tulijua kukoka moto kwa kuni mbichi, kucheza rede kwa mpira wa matambara mpaka visigino vipasuke, na kula viazi vya moto bila kuvimenya. Mimi juu ya hayo nilijua kitu ambacho wajukuu zangu hawakiamini: nilijua kugeuza noti za meli kuwa kilomita. Bahari yenyewe sikuwa nimeiona. Mpaka leo sijaiona.

Aliyenifundisha ni baba yangu mdogo, Alfonsi. Alichochea makaa kwenye meli ya moshi miaka kadhaa, akarudi nyumbani na kofia, kikohozi, na mazoea ya kupima mwendo wa kila kitu. Alituambia kwamba baharini mwendo unahesabiwa kwa noti, yaani mafundo. Akasokota kamba ya katani, akaifunga mafundo kwa nafasi sawasawa, akaweka kibao mwishoni, akatupeleka Mto Ruaha Mdogo. Unatupa kibao majini, mto unavuta, kamba inatoka mkononi, nawe unahesabu mafundo yanayopita. Saa hakuwa nayo. Muda aliupima kwa Baba Yetu moja, inayosaliwa polepole kama kanisani.

Sisi watoto tukaanza kuharibu. Aliyetaka mto uwe na kasi alivuta sala kama yuko kwenye misa ya wafu. Aliyetaka uwe mvivu aliifyatua, "Baba Yetu uliye mbinguni amina." Siku moja mama akapita na mtungi kichwani, akatusikia. "Nyie! Mnamkimbiza Mungu aende wapi? Rudieni yote!" Tukarudia mara tatu, mikono kifuani, kibao kimeshaenda zake hukooo.

Parokiani alikuwapo padri wa Kizungu mwenye pikipiki aliyoileta kutoka kwao. Barabara zetu zilikuwa na mawe ya maili, lakini mshale wa pikipiki ile ulisema kilomita. Kila Jumapili baada ya misa yeye na Baba Mdogo walibishana kipi kinakimbia zaidi, pikipiki au meli, mmoja anataja kilomita na mwingine noti, hawaelewani. Ndipo Baba Mdogo akatengeneza kanuni kwa magunzi ya mahindi. Kila noti moja, weka magunzi mawili. Ukimaliza, kwenye kila magunzi kumi toa moja. Yanayobaki ndiyo kilomita kwa saa.

"Kuna kipande kidogo kinapungua," alisema, "lakini hakitamkosesha mtu usingizi."

Ili tusisahau kutoa lile gunzi la kumi, aliliita zaka. Hilo tulilielewa mara moja. Kila mavuno baba alitenga debe moja katika kila kumi, likaenda kanisani, na hakuna aliyethubutu kuligusa hata mwaka wa njaa.

Nikawa hodari. Noti kumi? Magunzi ishirini, toa mawili, kilomita kumi na nane. Nilikuwa naropoka majibu kabla mtu hajamaliza swali, kidevu juu kama jogoo. Rafiki yangu Skola alikuwa mpole, anahesabu kwa kuchezesha midomo, nami nilimdharau sana.

Mwaka nilipomaliza darasa la pili, masista wakatangaza nafasi moja ya msichana kwenye shule yao ya bweni. Nafasi moja, kijiji kizima. Baba alinipa neno lake: "Ukipata, nenda. Usipopata, jembe lipo."

Padri akatuita mimi na Skola kibarazani kwake. Wazazi wamekaa kwenye benchi, Baba Mdogo amesimama nyuma yao. Tukasoma, tukatoka sawa. Tukaandika, sawa tena. Padri akacheka, akasema basi tumalizie kwa hesabu za Alfonsi. Magunzi yakaletwa kwenye ungo.

"Veronika, pikipiki yangu jana ilikwenda kilomita hamsini na nne kwa saa. Ingekuwa meli, ni noti ngapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza kinyumenyume. Sikutaka kuonekana nimekwama. Nikahesabu magunzi hamsini na manne, nikayagawa mafungu mawili haraka haraka. "Ishirini na saba!"

"Umesahau zaka," Padri akasema. "Magunzi haya yalishatolewa zaka. Rudisha kwanza yaliyotoka, ndipo ugawe."

Jamani, nilishtuka. Padri mzima!

"Zaka ikishatoka imetoka, Padri. Nani anakwenda kanisani kudai mahindi yake?"

"Vero, mwanangu," Baba Mdogo akanong'ona, "ni magunzi tu hayo."

"Wewe mwenyewe ulisema ni zaka!"

"Mimi nakuruhusu," Padri akasema, bado anacheka. "Rudisha."

"Utaniruhusuje? Kwani ni mali yako?"

Mama akajifunika uso kwa khanga. Padri akasubiri kidogo, akaniuliza tena, "Hurudishi?" Nikafunga mikono kifuani. "Sirudishi." Akamgeukia Skola.

Skola akapiga magoti. Akapanga mafungu ya tisa tisa, yakawa sita, akaongeza gunzi moja kwenye kila fungu. Yakawa sitini. Akagawa mara mbili. "Thelathini, Padri," akasema kwa sauti ya chini. "Na Mungu anisamehe."

Wote wakacheka isipokuwa mimi na baba.

Njiani kurudi, mama alisema mara moja tu. "Umemfundisha padri dini. Sasa nani atakufundisha wewe kusoma?" Kesho yake nilikuwa shambani, na kwa miezi kadhaa nilijiona shahidi wa imani mwenye jembe.

Skola akawa nesi, akapangiwa Mbeya. Mimi niliolewa hukohuko Mbeya, nikalima viazi Uyole, na ni yeye aliyenizalisha kifungua mimba wangu. Hakunikumbusha kitu. Angenikumbusha, ningekuwa na cha kumjibu kwa ukali. Ule ukimya wake sikuuweza.

Siku hizi wajukuu zangu wanagusa kioo cha simu, noti zinakuwa kilomita, kilomita zinarudi kuwa noti, na hakuna anayetoa jasho. Wakikosea, simu inawaambia wajaribu tena, nao wanajaribu tena huku wanatafuna, hawaoni hata kama wamepewa kitu. Wananionea huruma. "Bibi, enzi zenu mlionewa, mtoto hakupewa nafasi ya pili." Nawaacha waseme hivyo, maana inanipendeza. Lakini nyie wa rika langu siwezi kuwadanganya. Nilipewa ya pili, nikapewa na ya tatu, siku ileile, na padri mwenyewe.