Kaburi la Malenga wa Mitole

Nilikuwa mwanafunzi ng'ambo, mwaka wangu wa kwanza, mhadhiri wetu wa fasihi alipotupeleka kutembelea makanisa ya kale. Katika kanisa la tatu washairi wamezikwa ndani, chini ya sakafu, na majina yao yamechongwa kwenye mawe yale yale ambayo watu hupita juu yake. Wenzangu walipita, kamera mkononi. Mimi miguu iligoma. Nilizunguka pembeni huku nimegusa ukuta, jasho likinitoka katika baridi ile, na mhadhiri aliponiuliza kama naumwa, nikasingizia kizunguzungu. Sikujua nianzie wapi kumweleza kwamba niliwahi kukanyaga kaburi la mshairi, na yaliyonipata.

Kama nawe ulikulia vijiji vya Kilwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, utaukumbuka msimu wa korosho. Kijiji chetu cha Mitole kilinuka moshi wa korosho za kuchoma na mabibo ya mikorosho yaliyochacha. Maduka yalikuwa yameanza kupata sabuni, khanga na kandambili, na wanunuzi wageni walikuja na malori yao wenyewe. Nililelewa na bibi mzaa mama, aliyeniita mke mwenzangu, kama mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wa kike. Asubuhi nilichota maji na kutwanga muhogo, mchana nikaenda chuoni kusoma Kurani. Mwaka ule mwalimu wa chuo alinichagua nisome kasida peke yangu siku ya Maulidi. Walisema nina sauti.

Njia ya kwenda barabarani ilikizunguka kichaka chenye kaburi moja la zamani, la malenga wa kijiji. Halikuwa na jina, ni mawe mawili tu, la kichwani na la miguuni. Watoto sote tulijua kwamba anayelikanyaga ulimi wake hufa. Hata wakubwa walipita pale bila kuongea.

Siku moja honi ya lori ikasikika, wenzangu wakanitangulia mbio, nami nikakata njia kichakani. Mvua za kwanza zilikuwa zimelainisha udongo. Ardhi ikafunguka, mguu wangu wa kulia ukazama hadi gotini. Mle chini mlikuwa na ubaridi, na unyayo wangu haukugusa kitu. Nikajichomoa nikakimbia, kandambili moja imebaki humo.

Nyumbani Bibi akaniuliza nilikokuwa. Nikafungua mdomo, hakikutoka chochote.

Nilikaa hivyo siku tatu. Bibi alinichemshia mwarobaini. Mwalimu alikuja kunisomea, akaondoka akitikisa kichwa. Jirani alishauri nipelekwe zahanati. Mimi nilikuwa nikijigusa ulimi kwa vidole kila mara, kuona kama bado una joto.

Siku ya nne Bibi akifagia uvunguni aliikuta kandambili moja, akataka kujua nyingine iko wapi. Nikanyoosha kidole upande wa kichaka. Uso wake ukabadilika. Akanishika mkono tukaondoka saa ile ile, jua la utosi, mimi nikijivuta nyuma na kulia bila sauti.

Pale kaburini alitoa salamu kama mtu anayepiga hodi. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni hadi begani. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa akiipangusa kandambili yangu kwa upindo wa khanga.

"Huyu ni kaka yangu," alisema. "Hajamfunga mtu ulimi. Maneno yale niliyatunga mimi, mke mwenzangu. Watu walikuwa wanaswaga mbuzi juu yake."

Akazidi kuipangusa ile kandambili, ingawa ilikuwa imeshatakata. Ndipo nilipoona kwamba naye anaogopa, pengine kuliko mimi.

"Niambie neno moja," akasema. "Lolote."

"Naogopa."

Sauti ilitoka imekwaruza, lakini ilitoka. Bibi akakaa chini pale pale kwenye udongo akalia. Tulipomaliza kuliziba shimo kwa mikono yetu, alinifundisha beti mbili za kaka yake, akazirudia hadi nikazishika. Akaniomba nisimwambie mtu kwamba yale maneno ni ya kutunga. Siku ya Maulidi nilisoma kasida yangu, na siri yake nikaitunza.

Niliporudi kutoka ng'ambo, Bibi alikuwa ameshafariki. Kichaka kimefyekwa, na mahali pale mfanyabiashara mmoja amejenga ghala la korosho. Nilimwamkia, akanikaribisha vizuri, akasema mafundi wake hawakuona kaburi lolote. Namwamini. Mawe mawili, nani angejua? Niliwauliza wazee kama yupo anayekumbuka mashairi ya malenga yule. Walichokumbuka ni habari za ulimi tu. Mimi mwenyewe, katika zile beti mbili, nimebakiwa na moja na nusu.

Kando ya ghala watoto walikuwa wakikimbizana na kupiga kelele, hawana habari. Nilisimama nikiwatazama, nikatamani atokee mtu wa kuwaogopesha.