Msusi Aliyeambiwa Anyamaze

Huyu msusi ukimfunga mdomo ni kama umemkata vidole. Mteja huingia saluni kusukwa tu, akatoka anajua nani kaachwa, nani kajipeleka mwenyewe, na nani anajifanya hajui.

Nyumbani, mwanawe wa miaka mitatu hakuwa na habari na umbea huo. Ukimwita, hageuki. Akitaka maji, anakushika mkono na kuupeleka kwenye kikombe, kama vile mkono ni kishikio cha kabati na mwenye mkono hayupo. Baba yake alimbandika jina la Bosi, maana haitikii mtu. Daktari alisema ni usonji, akawaunganisha na mwalimu anayefundisha wazazi kwa simu ya video, namna ya kucheza na watoto kama hawa wangali wadogo. Msusi alitaka kitu kimoja tu: Bosi amwombe yeye, mama yake, si mkono wake.

Siku ya simu ya kwanza hakukalika. Alifagia, akapiga deki, akabadili kitambaa cha meza, akamvalisha Bosi shati la vifungo hadi kooni. Rola za nywele, ambazo mtoto huzipanga sakafuni kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, alizizoa zote akazisukumia juu ya kabati. Mgeni ni mgeni, hata akija kwa simu.

Simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai. Mwalimu akatokea, na msusi akafunguka kama bomba.

"Bosi, msalimie mwalimu! Bosi, hii rangi gani? Pua iko wapi? Bosi! Mwonyeshe pua!"

Bosi alizunguka chumba akilia, akivuta kola.

"Mama, pumzika kidogo," mwalimu alisema. "Maswali yamenichosha hata mimi. Kwa kawaida anacheza na nini?"

"Anacheza vizuri tu, mwalimu."

"Na nini?"

"Rola!" mama mkwe wake alidakia kutoka jikoni. "Kazificha kwa aibu!"

"Mama jamani!"

"Nimesema uongo?"

Mwalimu alicheka. "Sikuja kukagua nyumba. Zishushe. Na hilo shati mvue, linamkaba."

Rola ziliposhuka, kilio kikakatika. Bosi akalala kifudifudi, akaanza mstari wake. Mwalimu akamwelekeza msusi akae chini, awe anampa mtoto rola moja moja, bila swali. Akakaa. Akakunja mguu, akaukunjua, akajikuna shingo ambayo haikuwasha.

"Sasa inayofuata, bakia nayo," mwalimu alinong'ona. "Ngoja. Sidai neno, sidai macho. Akikuomba kwa namna yoyote, mpe hapo hapo."

Bosi aliushika mkono wa mama yake, akauvuta kwenye mstari. Vidole havikufunguka. Akavuta tena, akaguna. Ulimi wa msusi ulikuwa unahangaika nyuma ya meno.

"Mpe mtoto chake, unamtesa!" mama mkwe alichungulia.

Msusi akamwinulia kidole: kimya! Tangu aolewe hajawahi kuthubutu. Mama mkwe alibaki na mwiko hewani.

Bosi akauachia ule mkono. Akasogea, akampiga mama yake begani kwa kiganja. "Eh!"

Begani! Msusi aliruka. "Kaniita! Mwalimu umeona? Mama, kaniita mimi!" Akamkumbatia mtoto kwa kelele zote alizokuwa amezibana. Bosi akaziba masikio, akajinasua, akapotelea chini ya meza.

"Mama," mwalimu alisema taratibu. "Alikuomba. Hukumpa."

Rola ilikuwa bado mkononi.

Maelezo yalimjaa mdomoni, mazuri, yenye mifano. Akayameza. Akalala tumbo sakafuni, na nguo zake safi hivyo hivyo, akajiburuta hadi chini ya meza, akaiweka rola karibu na mguu wa mtoto.

"Na wewe unaingia huko?" mama mkwe aliuliza. "Hii nyumba leo ina nini?"

Bosi aliendelea kuziba masikio kwa muda mrefu, na mama yake akaendelea kuuma mdomo. Kisha mkono mmoja ukateremka polepole, ukaichukua rola.

Msusi akapapasa nyuma yake, akapata nyingine. Akaishika, akangoja, vidole vya miguu vikigonga sakafu.