Mdomo wa Leonia

Mtaani Mwanga, Kigoma, miaka ile Warundi walipokuwa wakivuka tena kukimbilia kambini, Leonia alikuwa na kibanda cha kuchapa barua na kuwafungulia watu barua pepe. Kuchapa alijifunzia Kasulu, kwa mwalimu aliyetaka kila herufi itamkwe inapogongwa. Wenzake waliiacha tabia hiyo mapema. Leonia alibaki nayo, kama mtu anavyobaki na lafudhi ya kwao popote aendapo.

Hivyo kila asubuhi, alipofungua programu iliyomtunzia nywila za wateja, baraza zima la mafundi cherehani lilisikia neno lake kuu la siri, herufi kwa herufi.

"Umeruka kitu, dada," Gervasi, fundi wa mlango wa pili, alimwambia siku moja bila kuinua macho kwenye suruali aliyokuwa akiipiga pindo.

"Shona wewe."

"Nashona. Ila umeruka namba nne."

Leonia alirudia, akaiweka ile nne, na programu ikafunguka. Baraza likacheka, naye akacheka nao.

Kati ya wateja wake alikuwapo Frida, Mrundi wa kambi ya Nyarugusu, aliyefika mjini kila alipopewa kibali cha kuja hospitali. Yeye na mumewe, Telesphory, walipotezana wakati wa kukimbia. Mume alikuwa akihama nchi hadi nchi, namba za simu zikibadilika, na kitu pekee alichokijua cha mkewe ni anwani ya barua pepe. Frida hakuwa na simu, kwa hiyo nywila yake aliiacha kwa Leonia. Anwani ile ikitekwa, hawa wawili wasingejua tena pa kutafutana.

Asubuhi moja Frida aliingia na salamu yake ya upole, "mwakeye", akamkuta Leonia ameduwaa mbele ya kompyuta. Ujumbe ulisema kwamba usiku mtu alikuwa amejaribu kuifungua programu ile kwenye kompyuta ngeni, na neno kuu alilipatia sawasawa.

"Ni yule wa koti," Gervasi alisema kutoka barazani. "Alishinda hapa jana akisikiliza, eti anasubiri koti lishonwe. Koti lenyewe halikuwa na hata uzi uliochomoka."

"Amechukua nywila yangu?" Frida aliuliza.

Leonia aliusoma ujumbe hadi mwisho. Kisha akashusha pumzi.

"Hapana, mama. Ameishia mlangoni."

"Si ana neno?"

"Neno analo. Ufunguo hana. Siku ya kwanza programu ilitunga ufunguo wake, mrefu mno, ikauficha humu ndani ya kompyuta. Siugongi, kwa hiyo siutamki. Nywila yako imevurugwa kwa vyote viwili, neno na ufunguo. Hata wenye programu, wanaotunza nakala kwao, hawana huo ufunguo. Wakiibiwa, mwizi atabeba vurugu tupu."

Gervasi alifikiri kidogo. "Kama namba ya siri ya pesa za simu. Mimi niijue yako, na laini iko mfukoni mwako, nitatoa nini?"

"Hewa."

"Kumbe miaka yote hii nimetunza hewa."

Frida alicheka, mkono mdomoni, lakini macho yake hayakubanduka kwenye kompyuta. "Basi libadilishe hilo neno, dada. Nami nikae hapa nione."

Leonia alikaa, akabana midomo, akagonga herufi ya kwanza. Midomo ikaitamka. Akafuta, akajaribu tena, ikaitamka tena. Alikaribia kulia.

Gervasi aliingiza kitambaa kwenye cherehani, akakanyaga pedali kwa nguvu. Fundi wa pili akamfuata, wa tatu naye, mpaka baraza likanguruma na mpita njia akasimama kuuliza kama kuna harusi. Ndani ya kelele ile Leonia alilitamka neno jipya lote, kwa raha zake, na hakuna aliyelisikia.

Kisha akaifungua barua pepe ya Frida, akamsogezea kiti.

"Mumeo ameandika?" Gervasi aliuliza, mashine ziliponyamaza.

Frida alikuwa anasoma.