Barua Isiyo na Sauti ya Mtu

Liliane Mukandekezi aliwajua wateja wake kwa maneno kabla ya kuwajua kwa majina. Kwa miaka tisa amekuwa akichapa barua za watu katika chumba cha mbele cha nyumba ya matofali, kwenye senta ndogo ya maduka kando ya barabara ya vumbi kati ya Chonyonyo na Kihanga. Ana kompyuta moja, printa inayokwama karatasi siku za mvua, na benchi la wateja. Watu huja na barua zikiwa bado mdomoni: maombi ya kazi, mialiko ya harusi, wasifu wa marehemu wa kusomwa kanisani. Wao husema, yeye huchapa. Na kila mmoja ana neno analoling'ang'ania. Ambrose, katekista, hamalizi sentensi bila "kwa namna ya pekee". Mwalimu mmoja wa shule ya msingi kila kitu kwake ni "kimsingi".

Liliane si mtu wa kuuliza maswali. Baba yake, Nsanzimana, alivuka kutoka Rwanda akiwa kijana, akaja kuchuma kahawa kwenye mashamba ya watu, akabaki. Liliane mwenyewe alizaliwa Kihanga, akasoma Kihanga mpaka kidato cha nne, na bado mara mbili maishani ameulizwa mbele za watu kwao ni wapi. Tangu hapo hupima kila anachosema.

Ni wasifu wa marehemu uliomfikisha kwenye ile tovuti. Familia huleta maandishi yenye neno "marehemu" mara arobaini katika ukurasa mmoja, na padri ana haraka. Siku moja, akitafuta njia ya kupunguza, akakuta kwenye intaneti mahali pa bure: unabandika maandishi, unabonyeza kitufe, maneno yote yanayojirudia yanaondoka, linabaki lile la kwanza tu. Kisha unakaa na mabaki yako unayashona upya. Ilimsaidia, ila hakuipenda. Haikusema ni ya nani, wala maandishi ya watu yanakwenda wapi yakishabandikwa. Alijiambia kwamba habari za marehemu si siri.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita akaingia Auleria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Auleria hakuridhika. Alifunua pazia la stoo, akachungulia, kisha akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa pembeni ya ukuta, mahali ambapo mpita njia asingemwona. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mke wa Mutabazi. Na Mutabazi ni mdogo wake Protase, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji.

Bomba la karibu na kanisa lilikuwa limekauka tangu Pasaka. Protase alisema chemchemi imepungua. Lakini wiki ile Auleria alikwenda kukata majani ya kutandika ndani, juu kule kwenye tangi, akakanyaga kitu laini chini ya majani makavu ya migomba. Ulikuwa mpira mweusi wa maji. Akaufuata. Uliishia kwenye kitalu cha miche ya kahawa cha shemeji yake, miche imenawiri, udongo umelowa.

"Nataka barua ifike kwa mtendaji wa kata," alisema. "Isiwe na jina langu. Isiwe na jina la mtu yeyote."

Alizungumza karibu nusu saa, na Liliane akachapa kila neno kama lilivyotoka, hata "waitu", ile "jamani" ya kinyumbani iliyomtoka kila mara. Alipomaliza akamsomea.

"Waitu, bomba, maana yake, limekauka. Waitu, sisi tunakwenda bondeni na madumu, maana yake bondeni ni mbali, waitu, na bomba maana yake tunaliona pale linakohoa kama mbuzi mzee..."

Auleria akamkamata mkono. "Acha. Huyo ni mimi mtupu. Wakisoma mstari mmoja tu kijiji kizima kitageuka kuniangalia."

"Naweza kuyaondoa hayo yanayojirudia."

"Yanakwenda wapi?"

"Kuna mahali kwenye intaneti. Unaweka maneno, yanachujwa."

"Nani yuko huko anayachuja?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mashine."

"Mashine ya nani?"

Mwishowe walikubaliana kufuta kwanza jina la Protase, jina la kijiji na jina la kanisa, ndipo abandike. Auleria alisimama nyuma yake. Liliane akabonyeza kitufe. Ukurasa mzima ukabaki mistari tisa iliyokatikakatika. "Maji" mara moja. "Bomba" mara moja. "Waitu" moja, ambayo Liliane aliifuta kwa mkono wake. "Maana yake" nayo akaifuta.

Alifanya kazi mpaka saa sita mchana akiunganisha yaliyobaki, akirudisha majina, akitia maneno pale palipokuwa na mapengo. Ile habari ya mbuzi mzee haikuguswa, kwa sababu Auleria alikuwa ameisema mara moja tu. Liliane akaiacha. Ilikuwa imekaa vizuri.

Auleria aliisoma mara mbili. "Hapa hamna mtu," akasema, akaikunja, akaificha ndani ya kitenge. Kesho yake akaitumbukiza kwenye sanduku la maoni la ofisi ya kata.

Baada ya wiki mbili mkutano wa kijiji uliitishwa kwenye uwanja wa shule. Mtendaji wa kijiji akasimama na karatasi mkononi, akasema imeshuka kutoka kata, akaisoma yote. Protase alisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akaomba nafasi.

"Tuelewane," alisema. "Sijakataa kuulizwa. Ila sikilizeni lugha ya barua hii. Imenyooka kama kitabu cha shule. Hamna neno la kinyumbani hata moja. Tuelewane, nani hapa kwetu anaongea hivi? Barua hii haikuandikwa na mtu wa hapa."

Macho yakaanza kutembea. Sibomana, fundi baiskeli, ambaye wazazi wake walitoka Burundi, akainama akatazama viatu vyake. Kisha macho yakamfikia Liliane, aliyesimama nyuma karibu na ukuta wa darasa, yakatulia hapo. Ndipo alipoelewa alichokifanya. Alikuwa ameitoa sauti ya Auleria, na kila pengo akaliziba kwa sauti yake mwenyewe.

Kabla mtu hajatamka jina, Mutabazi akasimama.

"Kaka, samahani. Tunatafuta mwandishi au tunatafuta maji? Kama barua ni ya uongo, tangi lipo, halijahama. Fundi aje aangalie mbele yetu sote."

Watu wakaunga mkono kwa miguno. Ikapangwa kwamba fundi wa maji aje baada ya siku kumi.

Hizo siku kumi zilikuwa ndefu kwa Liliane. Auleria alimwona kwa mbali barabarani, akavuka upande wa pili, akajifanya anaangalia kahawa iliyoanikwa. Liliane akajiuliza kwa nini. Labda amebanwa nyumbani akasema kila kitu. Labda kusimama kwa Mutabazi kulikuwa njia ya kumtoa mkewe na kumwacha mchapaji abebe lawama. Wateja walipungua. Nikuze, jirani yake anayeuza vitambaa, alimuuliza kama mzaha, "Ile barua hukuichapa wewe kweli?"

"Nachapa barua nyingi," Liliane akajibu.

Alirudi kwenye ile tovuti kuona kama barua bado ipo. Kisanduku kilikuwa kitupu, kinasubiri maandishi mapya. Hilo halikumtuliza. Kitu kisichoonekana si lazima kiwe hakipo.

Siku ya saba Protase mwenyewe akaja. Aliketi katikati ya benchi, akaweka bahasha ya kaki magotini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nina barua ya kumjibu mtendaji. Mimi nitakupa maana tu. Maneno weka ya kwako."

Liliane aliweka vidole kwenye kompyuta, kisha akaviondoa. "Mzee, mimi huchapa ninachoambiwa."

"Tuelewane, wewe ndiye msomi hapa."

"Wewe sema tu, mzee. Nakufuata."

Protase alimkazia macho, kisha akaanza kusema. Alisema kwa muda mrefu, akizunguka, akirudi alikotoka, na Liliane hakuacha hata kikohozi. Akachapa, akatoa nakala, akampa. Protase alisoma akisogeza midomo. Uso ukaanza kubadilika.

"Mbona kila mahali ni tuelewane, tuelewane?"

"Ndivyo ulivyosema, mzee."

"Nimesema hivi mimi?"

"Naogopa kuongeza la kwangu."

Hapo Protase alitoa karatasi nyingine kwenye bahasha, akailaza mezani kando ya ile mpya. Ilikuwa ile barua iliyosomwa mkutanoni. Akaangalia huku, akaangalia kule, kisha akamwangalia Liliane mdomoni, kana kwamba neno lingeponyoka.

"Kuna jamaa yangu mjini Kayanga, mtu wa kompyuta," alisema taratibu. "Ananiambia kitu kikishaingia kwenye intaneti hakitoki. Kinatafutwa, kinapatikana, na aliyekiingiza naye anapatikana."

Liliane akanyoosha karatasi kwenye printa. "Kama anaweza, mzee, basi akitafute."

Protase alikusanya karatasi zote mbili, akatoka bila kuaga.

Fundi alipofika, nusu ya kijiji ilimsindikiza hadi kwenye tangi. Mpira haukuwepo. Kulikuwa na mstari mrefu wa udongo mpya ukishuka kuelekea kitaluni, na ubavuni mwa tangi kulikuwa na tundu lililozibwa juzijuzi kwa kipande cha raba. Fundi alilipiga tundu lile kwa kidole, akaandika kwenye daftari lake kwamba palikuwa na "uvujaji", akaliziba vizuri zaidi. Hakuna aliyetaja jina. Protase alisimama pale pale na wenzake, akitikisa kichwa kama mtu anayesikitikia uharibifu wa tangi. Alasiri ile maji yalitoka bombani karibu na kanisa, mwanzo mekundu, kisha meupe.

Liliane alikutana na Auleria kwenye foleni ya madumu siku iliyofuata. Mara hii Auleria hakuvuka barabara. Alimvuta pembeni.

"Mutabazi alinijua," alinong'ona. "Pale pale mkutanoni."

"Alikujuaje? Tuliondoa kila kitu."

"Mbuzi mzee, waitu! Siku ya Pasaka nilimwambia jikoni kwamba bomba linakohoa kama mbuzi mzee, akacheka mpaka akamwaga chai. Anasema aliposikia neno lile moyo ukamruka, akaogopa kaka yake naye atakumbuka, maana siku hiyo alikuwa sebuleni. Ndiyo maana akasimama haraka."

Liliane alishusha dumu lake. "Kwa hiyo wewe hukumwambia mtu?"

"Mimi? Nilidhani ni wewe uliyesema! Tangu mkutano niliogopa utabanwa unitaje, kisha Nikuze akamwona shemeji akitoka kwako na makaratasi. Tangu pale sikulala vizuri."

Walitazamana. Auleria akacheka kwanza, kicheko cha chini chini, akikinga mdomo kwa kanga, huku akigeuka kuangalia nani yuko nyuma yao.

Protase bado ni mwenyekiti wa kamati ya maji. Na mwezi wa tisa alirudi kwa Liliane, akaketi benchini, akataka mwaliko wa harusi ya binti yake Kemilembe. Baada ya hapo amekuwa akija kila akihitaji barua, ingawa Kihanga kuna wachapaji wengine na yeye ana pikipiki. Huwaambia watu kwamba Liliane haongezi neno lake. Liliane hajui kama anakuja kwa kumwamini au kwa kumsikiliza, akisubiri neno limponyoke.

Juzi, katikati ya barua ya kuomba saruji ya kukarabati zahanati, Protase alisogea mbele kwenye benchi.

"Na wewe Liliane," akauliza, "ukiandika barua yako mwenyewe, huwa unaanzaje?"

"Sijawahi kuwa na barua yangu, mzee," Liliane alijibu, macho yakiwa kwenye kioo. "Ulikuwa umefika kwenye mifuko ishirini. Endelea."