Bidoni ya Maji ya Minembwe

Wiki iliyopita nilikuwa mjini Baraka, pale tunapooshea magari kando ya ziwa. Dereva mmoja aliteremka kutoka milima ya Minembwe na gari lililojaa matope, akampa muoshaji bidoni, dumu dogo la maji ya kijito cha kule juu.

"Papa, osha na maji ya ziwa, lakini vioo umalizie na hii. Ya ziwa ikikauka inaachaka madoa."

Akaenda kula.

Muoshaji, mwanaume wa makamo, aliosha gari lote vizuri. Kisha akafungua bidoni, akanusa, akamimina kidogo kiganjani, akaonja. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kunywa polepole, macho yake milimani.

Dereva aliporudi, vioo vilikuwa na madoa meupe.

"Maji yangu iko wapi?"

"Nimekunywa."

"Yote?"

"Mi nilichungaka ng'ombe pembeni ya kile kijito. Miaka saba sasa, tangu vita itukimbize, sijafika kule."

Dereva akachukua kitambaa, akaanza kufuta mwenyewe.

"Nikirudi nitaleta bidoni mbili," akasema. "Moja ya vioo."

Shuleni tulifundishwa kwamba maji hayana ladha. Nadhani mwalimu wetu hakuwahi kukimbia kwao.